Likizo ya Kampavani Ayalandi: Namna ya Kuipanga, Hatua kwa Hatua

Njia ya watalii ya pwani ya magharibi ya Ayalandi, inayoitwa Wild Atlantic Way, ina urefu wa kilomita 2,500 hivi, kutoka rasi ya Inishowen huko Donegal hadi mji wa Kinsale huko Cork. Ilizinduliwa mwaka 2014, na wageni wengi wenye wiki moja au mbili hujaribu kuimaliza yote. Wanaimaliza, ila wanachorudi nacho ni uchovu wa usukani. Ushauri wangu ni kinyume: chagua kipande kimoja, lala siku mbili au tatu mahali pamoja, na acha nafasi ya jioni ndefu penye muziki, ya mechi ya Jumapili kijijini na ya kusubiri mvua ipite.

Kampavani, yaani gari lenye kitanda, jiko na mara nyingi choo, inafaa sana kwa safari ya namna hiyo. Usiichukue kwa kudhani utaokoa fedha za hoteli, maana kodi ya gari, bima, dizeli na ada za kambi vikijumlishwa tofauti huwa ndogo. Ichukue kwa sababu hali ya hewa ya huko hubadilika mara kadhaa kwa siku, na mwenye kitanda chake anaweza kukaa akanywa chai mpaka ukungu uondoke baharini.

Hatua ya 1: Chagua majira, kisha chagua kipande

Mei na Juni ndiyo miezi yenye jua jingi zaidi mwakani, na mwezi Juni upande wa magharibi jua huzama baada ya saa nne usiku. Septemba nayo ni nzuri, watoto wamesharudi shule na barabara zimepungua watu. Julai na Agosti kambi hujaa, hivyo kama ndiyo likizo yako weka nafasi mapema. Kuanzia Novemba hadi Pasaka kambi nyingi hufungwa, na upepo wa Atlantiki si wa kuchezea ukiwa ndani ya gari refu lenye ubavu mpana. Hata katikati ya kiangazi mchana hufika nyuzi 18 hadi 20 tu. Mtu wa Njombe au Limuru hatashtuka. Wa Mombasa na Unguja abebe sweta, soksi nene na koti lisilopitisha maji.

Kisha ramani. Igawe pwani ya magharibi mafungu matatu: kusini kuna Kerry na Cork magharibi, katikati kuna Clare, Galway na Connemara, kaskazini kuna Mayo, Sligo na Donegal. Mwenye siku kumi achukue fungu moja na nusu, basi. Kwa mara ya kwanza mimi ningeshika Kerry na Clare. Sababu ni kivuko: kati ya Tarbert na Killimer kuna feri inayobeba magari kuvuka mdomo wa mto Shannon kwa dakika 20 hivi, nayo inakuepusha na mzunguko wa zaidi ya kilomita 130 kupitia Limerick.

Hatua ya 2: Nyaraka, kabla ya kulipia kitu chochote

Kisiwa hiki kina mamlaka mbili. Jamhuri ya Ayalandi inatumia euro na kilomita. Ayalandi ya Kaskazini ni sehemu ya Uingereza, inatumia pauni na maili. Jamhuri ni mwanachama wa Umoja wa Ulaya lakini haimo kwenye Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye visa moja, kwa hiyo visa ya Schengen haikuingizi Dublin. Wenye pasipoti za Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanahitaji visa ya Ayalandi yenyewe. Huombwa kwa fomu ya mtandaoni, kisha pasipoti na vielelezo hupelekwa. Ukitaka pia kwenda Kaskazini kuona nguzo za mawe za Giant's Causeway, utahitaji visa ya Uingereza juu ya hiyo, na ya Ayalandi iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Mpakani hakuna kizuizi. Utajua umevuka pale vibao vya mwendo vinapogeuka kuwa vya maili. Usichukulie ukimya huo kuwa ruhusa.

Mgeni anaruhusiwa kuendesha kwa leseni halali ya kwao, ila kampuni za kukodisha zina masharti yake: mara nyingi dereva awe ametimiza miaka 25, awe na kadi ya benki yenye jina lake, na leseni iwe na umri wa miaka kadhaa. Chukua pia kibali cha kimataifa cha kuendesha kabla hujaondoka. Hakikisha leseni yako inaruhusu uzito wa gari ulilochagua. Kampavani nyingi za kukodi hazizidi kilo 3,500.

Mwenye kuishi Ulaya na gari lake mwenyewe anaweza kuvuka kwa meli: kutoka Holyhead hadi Dublin, kutoka Fishguard au Pembroke hadi Rosslare, au kutoka Cherbourg, Ufaransa, moja kwa moja bila kupita Uingereza. Hiyo ya Cherbourg inamsaidia sana asiye na visa ya Uingereza.

Hatua ya 3: Chukua gari dogo kuliko unavyotamani

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu picha za matangazo huonyesha gari kubwa lenye sebule. Barabara za mashambani za Kerry na Connemara ni nyembamba, pande zote mbili kuna kuta za mawe au vichaka vilivyoshikana, na nyingine zina majani yaliyoota katikati. Ukikutana na trekta, mmoja wenu lazima arudi rivasi hadi pale barabara inapopanuka. Gari la aina ya van iliyogeuzwa kuwa chumba, lisilozidi mita sita, linawatosha watu wawili na mtoto. Lile pana lenye sanduku juu ya dereva litakunyima nusu ya barabara nzuri.

Kuendesha ni kushoto, kama Kenya, Tanzania na Uganda. Anayetoka Kongo, Rwanda, Burundi au aliyezoea Marekani na Ulaya bara awe mwangalifu hasa kwenye kipilefti: unazunguka kwa mwelekeo wa saa na unawapisha wanaotoka kulia kwako. Gia za mkono ndizo za kawaida. Ukitaka gari la otomatiki liagize mapema.

Siku ya kukabidhiwa gari usikubali kuharakishwa. Rekodi kwa simu bodi nzima, paa, vioo vya pembeni, matairi na kioo cha mbele, kwa sababu bima nyingi za kukodi haziyalipii matairi, paa na sehemu ya chini ya gari. Omba uonyeshwe kwa vitendo namna ya kujaza maji, kuwasha hita, kufungua mtungi wa gesi na kutoa tangi la choo. Uliza urefu wa gari kwenda juu, uandike kwenye karatasi na uibandike mbele ya dereva. Maegesho mengi ya ufukweni yana chuma kilichokingamizwa juu ya mlango, mara nyingi usawa wa mita mbili, na kinawekwa hapo makusudi kuzuia kampavani.

Umeme ni rahisi. Plagi za Ayalandi ni zile zile za pini tatu zinazotumika Kenya, Tanzania na Uganda, kwa hiyo chaja za nyumbani zinaingia bila adapta. Waya wa kuunganisha gari na umeme wa kambi una kichwa cha buluu cha mviringo. Hakikisha umo garini kabla hujaondoka.

Upande wa mafuta, soma maandishi kwenye pampu na usitegemee rangi: bomba jeusi kwa kawaida ni dizeli na la kijani ni petroli. Dizeli iliyotiwa rangi ya kijani ni ya mashine za shamba, na kuitia kwenye gari la barabarani ni kosa kisheria.

Hatua ya 4: Chora njia fupi

Usishike usukani moja kwa moja kutoka kwenye ndege ya usiku. Lala Dublin, kesho yake chukua gari na uelekee kusini-magharibi, mwendo wa nusu siku na zaidi kidogo hadi mji wa Killarney, Kerry. Baada ya hapo jiwekee kikomo cha saa tatu za usukani kwa siku. Mwendo wa juu ni kilomita 120 kwa saa kwenye barabara kuu za kasi zenye herufi M, 100 kwenye za kitaifa zenye herufi N, na tangu Februari 2025 ni 60 kwenye barabara ndogo za vijijini. Hata hiyo 60 mara nyingi hutaifikia.

Killarney ina hifadhi ya taifa ya kwanza ya nchi, iliyoanzishwa mwaka 1932, yenye maziwa, misitu ya mialoni na kulungu wekundu. Kutoka hapo huanza mzunguko wa Ring of Kerry, kilomita 179. Mabasi ya watalii huuzunguka kinyume cha saa. Nawe fuata mwelekeo huo huo ili usikutane nayo uso kwa uso penye kona. Lakini moyo wangu uko rasi ya Dingle. Barabara ya Slea Head huzungukwa kwa mwelekeo wa saa, ukutani mwa mlima upande mmoja na bahari upande wa pili, mbele yako visiwa vya Blasket ambavyo wakazi wake wa mwisho walihamishwa mwaka 1953. Simama Gallarus uone kanisa dogo lililojengwa kwa mawe makavu bila chokaa wala saruji, na bado halipitishi mvua. Njia ya mlimani ya Conor Pass isahau: magari ya zaidi ya tani mbili yamekatazwa. Ingia na kutoka kwa barabara ya N86.

Ukienda kaskazini kuelekea kivuko, pinda kidogo kwenye ufukwe wa Banna Strand karibu na Tralee, hasa kama asili yako ni Kongo. Roger Casement, mzaliwa wa Dublin, alikuwa konseli wa Uingereza nchini Kongo, na ripoti yake iliyochapishwa mwaka 1904 ilifichua ukatili wa utawala wa Mfalme Leopold wa Pili katika ukusanyaji wa mpira. Baadaye akaingia katika harakati za uhuru wa Ayalandi. Aprili 1916 nyambizi ya Kijerumani ilimshusha hapo Banna, akakamatwa siku hiyo hiyo, akanyongwa London mwezi Agosti. Mnara wa kumbukumbu upo nyuma ya mchanga.

Ng'ambo ya Shannon ni Clare. Magenge ya Moher yana mita 214 pale yanapofikia kilele, na yanapendeza zaidi jioni baada ya mabasi kuondoka. Nyuma yake ni Burren, uwanda wa mawe ya chokaa yaliyopasuka na maua ya porini yakichungulia kwenye nyufa mwezi Mei. Kutoka Doolin, wakati wa msimu, meli huenda visiwa vya Aran. Gari huachwa bandarini na kisiwani unazunguka kwa baiskeli. Kisiwa cha Inis Mór ndiko iliko ngome ya Dún Aonghasa, ukingoni mwa genge la mita 100 hivi lisilo na uzio. Washike watoto mkono.

Hatua ya 5: Jua utalala wapi kabla ya saa kumi na moja jioni

Hakuna haki ya jumla ya kulala popote barabarani. Kila halmashauri ina sheria zake ndogo, na kibao cha kukataza kulala kinamaanisha kukataza. Njia ya uhakika ni kambi rasmi, ambako utapata maji, umeme, bafu la moto na mahali pa kumwaga uchafu. Katikati ya siku za kambi, ukitaka usiku mmoja mmoja wa utulivu, ingia baa ya kijijini yenye uwanja wa magari, agiza chakula, kisha muulize mwenye baa kwa adabu kama unaweza kulala hapo. Wengi hukubali. Usilale kwenye matuta ya mchanga ya pwani. Nyasi zake zikivunjika, upepo huubeba mchanga wote.

Maji ya kuoshea vyombo na tangi la choo humwagwa kambini tu, pale palipoandikwa. Wenyeji wamechoshwa na wageni wanaoacha uchafu, na baadhi ya maegesho yaliyokuwa wazi sasa yamefungwa kwa sababu hiyo. Chupa za plastiki na makopo ya vinywaji usivitupe: tangu Februari 2024 unalipa amana ya senti 15 au 25 unaponunua, na mashine iliyopo supamaketi inakurudishia ukivipeleka vikiwa havijapondwa.

Hatua ya 6: Ufuate utamaduni unakofanyika

Muziki kwanza. Clare ndiyo ardhi yake: Doolin, Ennis, na Miltown Malbay ambako kila Julai hufanyika wiki ya mafunzo na muziki ya Willie Clancy. Kikao cha baa huanza saa tatu na nusu usiku au baadaye kidogo. Wanamuziki hukaa kuizunguka meza ya pembeni, wakitazamana wao kwa wao: fidla, filimbi ya bati, kodiani, pengine zumari la mfuko linalopulizwa kwa kiwiko, na bodhrán, ambayo aliyekulia kwenye maulidi ataitambua mara moja, kwa kuwa ni ndugu wa dufu, ngozi ya mbuzi iliyowambwa upande mmoja wa duara la mti. Hupiga nyimbo tatu hivi mfululizo bila kutangaza, kila moja ikirudiwa mara kadhaa, na mgeni makini atasikia pale mpigaji mmoja anapoinua macho kuwaashiria wenzake kwamba wanahama.

Adabu yake ni nyepesi. Viti vya meza ile si vya wateja hata vikiwa vitupu. Usiombe wimbo unaoujua kutoka redioni, na usiwaangazie taa ya simu. Mtu akifunga macho akaanza kuimba peke yake bila ala, baa yote hunyamaza, mpaka mhudumu huacha kugonganisha glasi, nawe nyamaza. Si lazima unywe pombe, chai na soda huagizwa bila mtu kushangaa. Watoto wanaruhusiwa wakiwa na wazazi hadi saa tatu usiku, na saa nne kuanzia Mei hadi Septemba. Dereva ajue kiwango cha pombe ni miligramu 50 tu katika mililita 100 za damu, kwa hiyo chagua kambi ambayo utarudi kwa miguu.

Pili, lugha. Sehemu za Dingle, Connemara, Aran na Donegal ni Gaeltacht, maeneo ambako Kiayalandi ndiyo lugha ya nyumbani, na vibao vya barabarani viko kwa lugha hiyo peke yake. Andika majina yote mawili ya kila mji kabla ya kuingia, kwa mfano Dingle na Daingean Uí Chúis. Kibao cha pembetatu chenye maneno Géill Slí kinakutaka upishe. Chooni, Fir ni wanaume na Mná ni wanawake. Ukisalimia dukani kwa Dia duit na kushukuru kwa go raibh maith agat, utaona uso wa muuzaji unavyofunguka.

Tatu, michezo. Chama cha michezo ya Kigaeli, yaani ya asili ya Ayalandi, kiitwacho GAA, kiliundwa Thurles mwaka 1884, na hadi leo wachezaji wake hawalipwi mishahara. Ni walimu, wakulima na mafundi wanaochezea parokia na kaunti walikozaliwa. Kerry ni nchi ya mpira wa Kigaeli, unaochezwa kwa mikono na miguu, Clare ni ya hurling, mchezo wa fimbo wenye kasi ya kutisha, na kaunti hiyo ilikuwa bingwa wa taifa mwaka 2024. Fainali za taifa kati ya kaunti huchezwa Dublin mwezi Julai na tiketi zake ni ngumu. Usihangaike nazo. Uliza dukani klabu ya kijiji inacheza lini, ulipe kiingilio kidogo, usimame kando ya uwanja na wazee wa hapo. Watakueleza kila kitu, hata usipouliza.

Na ukitazama vilima vya Kerry au Mayo jua likiwa chini, utaona mistari iliyonyooka kwenye majani mahali ambapo hapana shamba. Hayo ni matuta ya viazi yaliyoachwa wakati wa njaa kuu ya 1845 hadi 1852, iliyoua watu milioni moja hivi na kuwafukuza wengine milioni moja ng'ambo. Nyumba za mawe zisizo na paa zilizo karibu yake si mapambo ya picha. Ziangalie bila kupanda kuta zake.

Hatua ya 7: Maisha ya kila siku garini

Jaza friji kwenye supamaketi za miji mikubwa, kisha nunua samaki, mayai na mkate wa magadi vijijini. Supu nzito ya samaki pamoja na mkate huo ni mlo kamili wa mchana. Nyama halali hupatikana Dublin, Cork, Limerick na Galway. Ukipita Mayo, mji mdogo wa Ballyhaunis una msikiti uliojengwa mwaka 1987 karibu na kiwanda cha nyama halali. Anayeswali ajue kwamba mwezi Juni Isha huwa karibu na usiku wa manane na Alfajiri hufuata upesi, hivyo panga usingizi wako mapema.

Kila asubuhi tazama tahadhari za Met Éireann, idara ya hali ya hewa ya Ayalandi. Njano ni ya kuwa makini. Ya rangi ya machungwa au nyekundu inamaanisha gari libaki kambini. Namba ya dharura ni 112 au 999. Dereva anayekuja mbele yako akiinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani anakusalimu. Jibu vivyo hivyo. Na ukiona magari yamejipanga nyuma yako, ingia pembeni uyapishe, kwani huenda aliye mbele anawahi kukamua ng'ombe.

Hatua ya 8: Siku mbili za mwisho

Rudi Dublin siku moja kabla ya kukabidhi gari. Ukiwa na nusu siku, nenda Brú na Bóinne kaskazini ya jiji, lilipo kaburi la Newgrange lililojengwa yapata mwaka 3200 KK, kabla ya piramidi za Giza. Unaingia kwa kupitia kituo cha wageni tu, na tiketi huisha, kwa hiyo zikate wiki kadhaa kabla. Usiku huo lala kambini, mwaga matangi, osha jiko na jaza dizeli, kwa kuwa kampuni hukata amana kwa kila kimoja cha hivyo. Ukipita barabara ya M50 inayozunguka Dublin, hakuna kibanda cha kulipia: kamera husoma namba ya gari, nawe unatakiwa kulipa mtandaoni au dukani kabla ya saa mbili usiku wa siku inayofuata. Uliza siku ya kuchukua gari kama kampuni inakulipia ama unalipa mwenyewe, na ukilipa, hifadhi risiti mpaka amana yako irudi.